Mjomba wa Saa Nane

Ukitaka kumkorofisha yule mama mpiga pasi wa duka la dobi, mwambie redio ni mambo ya kizamani. Ataiweka pasi pembeni, atakutazama kuanzia viatu mpaka nywele, kisha atakuuliza kama mama yako naye ni wa kizamani. Na usidhani anatania. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwili mkavu, mkono wa kulia umejaa kuliko wa kushoto kwa sababu ya uzito wa pasi ya mvuke. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile iliyofungwa blanketi na shuka jeupe, akinyoosha mashati ya watu asiowajua. Ukosi kwanza, kisha mabega, kisha mikono, kisha mbele, mgongo mwisho. Hakuwahi kuunguza hata moja. Nasema hata moja, jamani, na wewe mwenyewe jaribu kupiga pasi mashati kumi tu tuone.

Kilichomshikilia pale si mshahara, huo tuuache kama ulivyo. Ni redio. Ilikaa juu ya rafu, kati ya kopo la wanga na boksi la vifungo vilivyokosa wenyewe, antena yake imeongezewa waya wa henga ya kutundikia nguo. Kila siku ya kazi, saa nane kamili mchana, chumba cha pasi kizima kilinyamaza ili Mjomba aingie.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu pale. Alikuwa mtangazaji. Watu walimpigia simu wakaeleza yaliyowakaa kooni: mume aliyeingia mitini, kaka aliyekula urithi, jirani mwenye mdomo mchafu. Hakuna aliyetaja jina lake, kila mtu alijibandika la utani. Mjomba alisikiliza, akaguna pale pa kuguna, akacheka pale pa kucheka, kisha akasema neno moja la kukupoza moyo. Na saa kumi ikifika alifunga kwa maneno yale yale: "Tuliyosema yameishia hapa, ndugu zangu. Upepo umeshayachukua."

Basi yule mama alimpenda mtu huyo kama ndugu wa tumbo moja. Alimjibu kwa sauti akiwa anapiga pasi. "Hapo umesema kweli, Mjomba." "Aa, hapo umempendelea mwanamume mwenzio." Wenzake walimcheka mpaka wakazoea. Na yeye mwenyewe alimpigia simu mara tatu kwa jina la Mama Pasi. Mara ya kwanza juu ya mwenye nyumba aliyekataa kuziba bomba linalovuja. Mara ya pili kumtakia Mjomba heri alipofunga ndoa. Mara ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa.

Mama huyu alikuwa na binti mmoja. Walimwita Kijiko, na ukiuliza kwa nini, uliambiwa alipokuwa mchanga alikataa kunyonya akalishwa kwa kijiko. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, mwepesi wa kucheka, mfanyakazi wa duka la kuchapa na kutoa nakala, pale ambapo watu hujaziwa fomu zao za mtandaoni. Mama alimpenda Kijiko hadi kero. Alimnyooshea sare ya kazi kila asubuhi, ingawa binti alikuwa na mikono yake miwili. Kijiko naye alikuwa mtu wa kumwambia mama kila kitu, mpaka jina la kijana aliyemkonyeza kwenye foleni.

Na Kijiko hakuwa amezaliwa na mama huyo.

Usishtuke, ndivyo ilivyokuwa. Zamani, kabla ya duka la dobi, mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, katika mji mwingine. Meza ya pili ilikuwa ya binti wa miaka kumi na tisa. Walikula sahani moja, walilala chumba kimoja cha kupanga. Binti yule akabeba mimba, aliyempa mimba akayeyuka. Mtoto alipofikisha wiki sita, mama yake akapata kazi ya ndani mbali, kwa watu wasiotaka kuona mfanyakazi na mtoto. Akasema, "Dada, nishikie wiki mbili tu, nijipange, nije nimchukue." Mtoto alikataa chupa, akalishwa kwa kijiko. Wiki mbili zikawa maisha. Mama aliwaambia watu wa kwao kuwa ni wa kwake, na bibi akafunga safari kuja kumbeba mjukuu. Likaisha.

Likaisha kwa watu, lakini halikuisha kifuani. Kijiko alipokuwa na miaka minane alimuuliza mama yake wakiwa wanakula, "Mama, nilipokuwa tumboni mwako nilikuwa napiga teke?" Mama akajibu, "Weee! Ulikuwa unapiga kweli kweli, usiku kucha silali." Mtoto akacheka kwa furaha, akarudi kwenye sahani yake. Mama akasukuma sahani yake pembeni. Kesho yake, saa nane na dakika arobaini, alizima redio akisingizia betri zimekwisha, akatoka chumba cha pasi, akashika simu ya kaunta isiyokuwa na mtu, akampigia Mjomba, akatapika yote.

Lakini asije mtu akamwita mjinga. Alipiga hesabu zake vizuri kuliko wewe. Kituo kile kilikuwa kidogo, antena yake fupi, na ukivuka tu kilima cha kiwanda cha saruji unasikia mkwaruzo mtupu. Kwao, kwa bibi na wajomba, kulikuwa ng'ambo ya kilima. Kijiko saa hiyo alikuwa darasani. Wanaomjua hawakuweza kusikia, na wanaosikia hawakumjua. Akalia, Mjomba akamsubiri amalize kulia, kisha akamwambia kwa ile sauti yake ya asali, "Mama Pasi, nenda kampokee mwanao shuleni. Haya yameishia kwangu na kwako." Siku ile alitembea kama mtu aliyetua gunia. Miaka kumi na minne alimshukuru Mjomba moyoni.

Sasa sikiliza walivyobadili mambo. Mwaka juzi Mjomba alitangaza, tena kwa shangwe, kwamba kituo kinaachana na masafa yake na kuhamia mtandaoni. "Tunakuwa wa dunia nzima, ndugu zangu!" Mama alipiga makofi pamoja na waliopiga makofi. Tarehe mosi ya mwezi uliofuata aliwasha redio saa nane kasoro, akangoja. Mkwaruzo. Alizungusha kitufe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akanyoosha waya wa henga, akapiga redio kibao kidogo cha ubavuni kama alivyozoea. Mkwaruzo. Wenzake hawakuinua hata kichwa. Kila mmoja alikuwa na simu yake mfukoni na nyaya zake masikioni, huyu anacheka peke yake, yule anatikisa bega peke yake, chumba kizima kimejaa watu na hakuna anayeongea na mwenzie. Mama alijisikia kama ameachwa stendi na mizigo.

Kijiko ndiye aliyemwokoa. Alimnunulia simu ya kugusa, akamwekea kituo cha Mjomba ndani yake, akamfundisha kidole kipite wapi. Loo, mama alifurahi! Furaha yenyewe ikaingia dosari siku ya tatu. Redio ilikuwa ikila betri mbili kwa mwezi na kunyamaza. Simu ilikula bando kama mtoto anayeumwa minyoo. Mtu anaeleza jinsi mumewe alivyomfukuza, roho iko juu, puu! Bando limekata. Likirudi, kwanza tangazo la mafuta ya kujipaka, kisha tangazo la mkopo wa haraka, na yule mwanamke ameshakata simu. Na Mjomba naye alibadilika. Siku hizi alikuwa na haraka, katikati ya kilio cha mtu anasimama kuwasalimia waliomtumia vijipicha vya mioyo. Mama aliona, lakini alimtetea. Alisema ni kazi nyingi, ni uzee, ni vijana wanamsumbua. Ndivyo tunavyowatetea tunaowapenda.

Kijiko alipoona mama anahangaika na bando, alipata wazo. Kituo kilikuwa kinatoa vipindi vya kale, vya miaka na miaka, na pale dukani kwao kulikuwa na mtandao wa bure. Akawa anampakulia mama kimoja kimoja, jioni anamwekea kwenye simu, na kesho mama anasikiliza bila gharama. Mjomba wa zamani, mwenye subira! Mama alikuwa akipiga pasi machozi ya raha yakimtoka. Hakuwahi kujiuliza kama na la kwake limo; hilo alijua upepo umelichukua. Iliendelea hivyo miezi miwili. Kisha Kijiko akasema mtandao wa kazini umeharibika, avumilie kidogo. Mama akavumilia.

Jumanne moja, mchana, dada wa kaunta aliingia chumba cha pasi macho mekundu. Ni msichana mwema, mgeni pale kazini, Kijiko hamjui hata kwa jina, lakini hawezi kuona kitu akanyamaza. "Mama, hebu acha hilo shati. Sikiliza hii. Mimi imeniliza, nimemtumia mpaka shangazi yangu."

Akamchomeka waya mmoja sikioni.

Mama alisikia mwanamke analia. Akamhurumia. Kisha akasikia, "...akaniambia, dada, nishikie wiki mbili tu..." na pasi ikamsimama mkononi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, changa kwa miaka kumi na minne. Ilieleza chumba cha kufulia cha hoteli, na binti ambaye akiimba hata redio inaona haya. Ilieleza kijiko. Ilisema, "hadi leo ndilo jina lake." Ilieleza swali la teke. Hawakukata hata pumzi.

"Imeandikwaje hapo juu?" aliuliza. Miwani yake alikuwa ameivua, mvuke huifunika.

Dada wa kaunta akamsomea kwa madaha. "'Alimlea mtoto wa mwenzake, mtoto hajui mpaka leo! Sikiliza mpaka mwisho.' Imesikilizwa mara elfu sitini, mama."

"Inafika wapi?"

"Inafika wapi kivipi?"

"Inavuka kilima cha saruji?"

Msichana alicheka mpaka akashika meza. "Mama, wewe nawe! Hiyo inafika mpaka ulaya na inarudi."

Mama hakuunguza shati, hata siku hiyo. Alimaliza mgongo, akafunga kifungo cha juu, akalitundika. Elfu sitini hawakumsumbua, hao ni watu baki. Kilichomtia kiwewe ni mmoja. Kijiko anapakua vipindi vya kale. Leo au kesho mtandao wao utatengemaa, ataendelea alipoishia, na hiki kitamfikia mkononi. Alivua aproni, akamwambia dada wa kaunta anaumwa tumbo, akatoka. Klipu ile lazima iondolewe kabla binti yake hajaigusa. Na aliyekuwa na uwezo huo ni mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Mjomba wake.

Alikwenda kituoni kwa Mjomba, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Kijana wa kike wa mapokezi alimuuliza kama ana miadi. "Mwambie Mama Pasi amekuja," alijibu, na alilisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyefika kwa kaka yake. Akasubiri karibu saa nzima kwenye kochi jekundu.

Mjomba alitoka. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na ukosi wa shati lake ulikuwa umevunjika vibaya upande mmoja. Mama aliuona kabla ya kuona uso.

"Mama Pasi! Mama yetu!" Alimkumbatia, lakini macho yake yalikuwa yanazunguka juu ya bega lake, yanatafuta msaada. Hakumkumbuka. Mama alijua pale pale, na likamuuma hilo peke yake, acha mengine.

"Ni ile sauti mliyoitoa, Mjomba. Ya mtoto. Yule wa kijiko."

Uso wa Mjomba ukawaka taa. "Wewe ndiye yule! Jamani, Mungu mkubwa! Mama, ile imetubeba. Mwezi huu hatuna nyingine iliyokwenda kama ile. Watu wanalia, wanauliza, mtoto yuko wapi, aliambiwa, hakuambiwa..."

"Nimekuja uiondoe."

"Niiondoe?"

"Mwanangu hajui. Uliniahidi. Ulisema upepo umeyachukua."

Mjomba alicheka, tena bila ubaya, na huo ndio ubaya wenyewe. "Mama yangu, hayo si yalikuwa maneno ya kufungia kipindi tu?"

"Kwa hiyo na mimi mlikuwa mnanirekodi?"

"Tangu siku ya kwanza. Redio zote hurekodi, mama. Kanda zilikuwa zinaoza stoo, vijana wakasema, mzee, hii ni hazina. Na hukutaja jina, sasa hofu ya nini?" Kisha akamshika kiwiko, akashusha sauti, ile ile ya asali iliyomtua gunia zamani. "Hebu nikupe wazo. Mlete binti hapa studio. Hajui anaitiwa nini. Tunawasha kamera, mubashara, unamwambia mbele yetu, mimi nipo hapa, nawashika mikono wote wawili. Dunia nzima inatazama. Mama, utapata watu wa kukusaidia mpaka ushangae."

Yule mama alimtazama. Angetukanwa na mtu wa barabarani angejua la kujibu, na domo analo. Lakini huyu alikuwa amemfungulia kifua. Miaka yote alimjibu akiwa amesimama, amechoka, miguu imevimba, akidhani kuna mtu upande wa pili. Kumbe upande wa pili kulikuwa na kanda inayozunguka.

"Mjomba gani," alisema, "anampeleka mpwa wake sokoni?"

"Mama, usikasirike. Nitaongea na vijana, wataiondoa. Kesho kesho kutwa."

Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Hajafika ghorofa ya pili akaisikia ile sauti juu, haina asali tena, inafoka: "Yule mama yuko hai! Nani amechukua namba yake? Mkimbilieni!" Aliongeza mwendo, mtu wa miaka hamsini na mitatu anakimbia ngazi kama mwizi. Barabarani alisimama kando ya kibanda cha fundi simu akalia, bila kujificha, mpaka yule fundi akamsogezea kiti.

Alikaa hapo akapiga moyo konde. Klipu haitaondolewa, hilo alishalijua. Basi asitangulie Mjomba. Afike nyumbani, amkalishe Kijiko, amwambie kwa mdomo wake. Leo. Ilikuwa Jumanne, siku ya mapumziko ya binti.

Kijiko alikuwa jikoni, anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Ilikuwa yapata saa kumi na moja, jua limeingia mpaka kwenye meza. Mama hakuvua hata viatu.

"Mwanangu, acha hizo, kaa. Nina jambo la kukuambia."

Kijiko akakaa. Mikono juu ya nguo.

"Zamani nilipokuwa hotelini," mama alianza, "nilikuwa na mwenzangu mmoja. Binti mdogo, mcheshi, akiimba..."

"'...hata redio inaona haya,'" alimalizia Kijiko.

Nje mtu alikuwa anamwaga maji.

Mama aliuliza, "Tangu lini?"

"Leo wiki ya tatu."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie mimi?" Kijiko hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilikuwa nakupakulia vipindi vyako. Huwa nasikiliza kila kimoja kidogo nione kama sauti ni safi. Nikasikia sauti yako. Mama, nilifurahi! Nikawaita wote dukani. Bosi, wenzangu, mpaka wateja wawili waliokuwa kwenye foleni. Nikawaambia, njooni mumsikie mama yangu yumo redioni. Nikaongeza sauti. Tukasikiliza wote."

Mama alijishika kichwa. "Yule mtu ametuuza, mwanangu! Aliniahidi. Ametugeuza bidhaa, ametu..."

"Usimsingizie yule mzee. Mimi simjui, hajanidanganya kitu." Sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Kwamba hukunizaa, nililia siku mbili, nikanyamaza. Umenilea, sina mama mwingine ninayemjua. Lakini teke, mama. Nakumbuka siku ile. Nilikuuliza mimi. Ukanijibu nilikuwa napiga. Kesho yake ukampa ukweli mtu ambaye hujawahi hata kumwona sura. Kisha jioni ukaja kunipokea shuleni, ukanishika mkono, tukaimba njiani. Miaka kumi na minne yeye anajua, mimi sijui. Halafu wiki tatu hizi kila jioni narudi najisemea, leo ataniambia. Unaniuliza tu mtandao umetengemaa?"

"Nilidhani redio ikisema imepita."

"Ilipita kwako."

Mama alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekuja na hasira yake yote juu ya Mjomba, ameibeba kutoka ghorofa ya tatu mpaka hapa, na sasa hakuwa na pa kuiweka. Alichofanyiwa ndicho alichofanya. Alisogeza kiti, akajaribu tena. "Basi nikusimulie mwenyewe. Binti yule alipopata kazi, akaniambia, dada, nishikie wiki mbili tu..."

"Hiyo nimeisikia," Kijiko alimkatiza. "Watu elfu sitini wameisikia. Maneno ni yale yale, hata kilio unalia pale pale. Nipe ambalo hukumpa yeye. Moja tu, mama. Liwe langu."

Yule mama aliyapekua yote aliyowahi kuwa nayo, na kila alichokishika alikuta ameshamkabidhi Mjomba: kijiko, teke, uwongo aliomwambia bibi, hofu yake. Likabaki moja. Hilo hata Mjomba hakulipata. Kwenye ile klipu mama anasema kwa kwikwi, "Hakurudi, Mjomba, hata siku moja hakurudi," na Mjomba anamhurumia.

"Alirudi," akasema.

Kijiko aliinua uso.

"Ulikuwa na miezi saba. Jumapili mchana. Nilimwona dirishani anakuja, ana begi na kifurushi cha nguo za mtoto. Nilifunga mlango kwa ndani, nikakaa nawe sakafuni nyuma ya kitanda. Alibisha. Alibisha sana. Wewe ukataka kulia, nikakuziba mdomo kwa mkono. Mkono huu." Aliuangalia ule wa kulia, uliojaa. "Aliita, dada, dada. Kisha akawa anakuita wewe, kwa jina alilokupa yeye. Akakaa hapo nje mpaka jioni. Wiki ile ile niliacha kazi hotelini, nikakuleta mji huu tusikojulikana na mtu."

Kijiko aliuliza, na sauti haikuwa ya binti yake, ilikuwa ya mteja aliyekuja kuulizia kitu chake, "Jina gani?"

Mama akamtajia. Hakuwahi kulitamka tangu siku ile.

Kijiko alilirudia polepole, mara mbili, akijaribu kama linamkaa. Kisha akachukua simu yake, akaifungua ile klipu, akaizima sauti, akashuka chini mpaka kwenye maneno waliyoandika wasikilizaji, maelfu na maelfu yao, akaanza kuyasoma moja moja akilitafuta lile jina, huenda aliyempa naye alisikia akaliandika.